Wasakao Chombo cha Nyota na Sisi wa Kandokando ya Reli

Mwishoni mwa mwaka 2023 modeli moja ya chombo cha anga iliwekwa sokoni kwenye mtandao wa eBay. Ilikuwa na urefu wa kama sentimita 84, imechakaa, imekutwa katika ghala la kukodi. Tangazo halikukaa, likaondolewa. Lakini wapenzi wa mambo hayo walikuwa wamekwisha kuiona, wakailinganisha na picha za zamani, wakasema bila kumung'unya maneno: hii ndiyo Enterprise ya kwanza, iliyoundwa 1964 kwa ajili ya tamthilia ya Star Trek, ikapotea mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia hiyo, kuwaazima watengenezaji wa filamu. Roddenberry alifariki 1991 bila kuiona tena. Aliyekabidhiwa, Aprili 2024, ni mwanawe.

Habari hiyo niliipata kwa jirani yangu hapa Manchester, mzee mstaafu ambaye gereji yake haijapata kuingia gari. Ndani mna rafu, makopo ya rangi, printa ya 3D, na vyombo vya anga vinavyoning'inia darini kama popo. Yeye ni mmoja wa watu wengi, Uingereza na Marekani, wanaounda nakala za vyombo vilivyotumika kwenye filamu za kubuni za sayansi. Na wala hawatafuti kufananisha tu. Wanataka kile chenyewe, pamoja na kasoro zake.

Mimi ni mtoto wa Munisagara, kijiji cha reli huko Kilosa, ambako mto Mkondoa unapita kati ya milima na treni ya Kigoma inasikika kabla haijaonekana. Kwetu nako tuliunda. Ndiyo maana namwelewa mzee huyu, na ndiyo maana kuna siku ananishangaza.

Walioziunda modeli za filamu ya kwanza ya Star Wars, ile ya 1977, hawakuchonga kila kitu. Walinunua maboksi ya modeli za plastiki za dukani, vifaru vya Vita Kuu ya Pili, meli za kivita, roketi, wakang'oa vipande na kuvibandika kwenye mwili wa chombo ili kionekane kimejaa mabomba na mitambo. Basi leo anayetaka nakala ya kweli hana budi ajue kila kipande kilitoka kwenye boksi gani. Jirani yangu anaweza kukaa na picha moja jioni baada ya jioni, lenzi mkononi, akihesabu mifereji iliyo ubavuni mwa chombo. Akishabaini kwamba kipande fulani kilikuwa sehemu ya kifaru cha Tamiya, anaanza kulisaka boksi la kifaru hicho, toleo lilelile, ambalo huenda halijatengenezwa tena kwa miongo. Analinunua kwa bei ya kuumiza. Anakata kipande chenye ukubwa wa kucha. Kifaru kilichobaki kinaingia kapuni.

Na hizo kasoro! Modeli nyingine ya Enterprise, ile kubwa yenye urefu wa mita 3.4, iko Washington kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian, ambayo iliipokea 1974. Upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwa sababu nyaya za taa ziliingilia huko na kamera haikuelekezwa upande huo. Muundaji mwenye msimamo mkali anauacha hivyohivyo kwenye nakala yake. Atakayeumalizia, wenzake watamuuliza nani kamruhusu.

Kwetu mtoto angefanya hivyo angechekwa mpaka jioni. Mabehewa yetu yalikuwa maboksi ya katoni, magurudumu ni soli ya ndala iliyokatwa duara au vizibo vya soda, ekseli ni spoku ya baiskeli iliyokufa. Kichwa cha treni tulikichonga kwa ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge ukishazeeka. Ni mwepesi, hata kisu butu kinapita. Wilaya yenye mashamba ya mkonge kama Kimamba na Rudewa haikosi mti huo. Huku Ulaya mbao nyepesi ya namna hiyo inaitwa balsa, inatoka Ekwado, inauzwa kwa vipande vidogo, na jirani yangu hulalamikia bei yake kila anapotoka dukani.

Hatukupima kitu. Kama umesahau umbo la dirisha la behewa, subiri treni ipite, tazama, rekebisha. Kisha tukaongeza tusichokiona: treni zetu zilikuwa na usukani, tena mrefu, wa waya, wa kuuendesha ukiwa umesimama. Treni ya kweli haina usukani, hilo tulilijua vizuri. Lakini ya kwetu ilikuwa ya kukimbia nayo kwenye njia ya kisimani yenye kona na mawe, na isiyokata kona ingekuwa ya nini?

Siku hizi wapwa zangu wanaunda Mchongoko. Tangu reli mpya ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikipita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, treni ile ya umeme yenye pua ndefu imewakamata watoto. Pua wanaitoa kwenye chupa ya maji. Mpwa wangu mmoja alinionyesha yake kwa simu, nikamuuliza mbona haina milango. "Mjomba," akanijibu, "hii inakimbia kilomita 160 kwa saa, milango utaionea wapi?"

Nilipomsimulia jirani, alicheka sana. Halafu akauliza maswali matatu: nani kaiunda, lini, na je, naweza kumpatia picha ya upande wa chini? Mpaka nilipopiga simu tena, mbuzi walikuwa wamekwisha kuikanyaga, na mpwa wangu alikuwa anaunda treni nyingine, kubwa zaidi.

Hapo ndipo ilipo tofauti, lakini usikimbilie kusema kwamba wenzetu wanajua kutunza. Studio zao zilitupa bila huruma. Baada ya filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotengenezwa hapahapa Uingereza na kutoka 1968, Stanley Kubrick hakutaka modeli zake zitumiwe na wengine, na nyingi zikaharibiwa. Chombo kimoja, Aries, kilisalimika kwa kuwa mwalimu wa shule alikipata 1975 na kukaa nacho miaka 40. Mwaka 2015 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilikinunua mnadani kwa dola 344,000. Nostromo, meli kubwa ya filamu ya Alien ya 1979, ilikaa miaka mingi nje ya nyumba ya mkusanyaji mmoja California, jua lake, mvua yake, mpaka ikanunuliwa na kukarabatiwa. Greg Jein, fundi mashuhuri wa modeli, alipofariki 2022, ndani ya boksi gerejini mwake ilikutwa ndege ya Star Wars iliyokuwa imepotea machoni pa watu kwa miongo. Oktoba 2023 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.

Kwa hiyo vitu hivyo havikuokolewa na utamaduni fulani wa Kizungu. Viliokolewa na ukaidi wa watu wachache waliokuwa na picha, michoro, na kumbukumbu ya nani aliunda nini. Bila picha za zamani, ile Enterprise ya ghalani ingenunuliwa na mtu wa kupamba chumba cha mtoto.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kuliona. Chombo cha anga cha jirani yangu hakina mwenzake popote. Enterprise haikupata kuruka, kwa hiyo modeli ya studio ndiyo asili, na nyuma yake hakuna kitu. Sisi tunaiga vitu vilivyopo, tukidhani kwamba kwa kuwa vipo vitakuwepo.

Muulize mtu wa Lamu habari za mtepe. Kwa karne nyingi chombo hicho kilibeba boriti na mizigo katika pwani ya Waswahili, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake ni mkeka wa mraba. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikatoweka. Hakuna hata kimoja kilichobaki. Tunachokijua kinatokana na picha chache, maelezo ya walioviona, na modeli zilizoundwa na watu wa pwani, ambazo baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Mafundi walipounda mtepe wa ukubwa kamili miaka ya 2000 na kuuweka ukumbini katika Beit al-Ajaib, Zanzibar, walifanya kazi ileile ya jirani yangu: kusoma modeli na picha, kubishana juu ya mshono, kujaribu. Tofauti ni kwamba mtepe ulibeba watu kweli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, ikaporomoka. Hata nakala inahitaji paa.

Nikirudi kwenye reli, mambo yananiuma zaidi, kwa sababu kumbukumbu ziko jirani na ninapoishi. Injini kubwa za mvuke za reli ya mita moja zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zile za daraja la 59, ziliundwa hapa Manchester, kwenye kiwanda cha Beyer Peacock mtaa wa Gorton, mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilizobaki ni mbili, zote Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Kiwanda kilifungwa 1966, lakini kumbukumbu zake zimo katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya jiji hili. Mtu wa Kilosa ana sababu ya kuogopa makaratasi yanayokaa Ulaya. Kila mwanafunzi wa Tanzania kasoma habari za mkataba wa Mangungo wa Msovero na Karl Peters, mwaka 1884. Makaratasi haya ya Beyer Peacock lakini nayaonea wivu.

Maana reli yetu yenyewe haikai. Ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914, na bonde letu limekuwa likiila tangu hapo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliing'oa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Kila ukarabati unaondoa kitu cha zamani, na ni haki, abiria hawali historia. Kinachonikera ni kuondolewa bila hata picha moja.

Kuunda, watoto wetu wanajua, na sitaki mtu awapelekee rula waache kuweka usukani. Kazi ya kurekodi ni yetu sisi watu wazima, na simu tunazo. Kama wewe ni wa Kilosa, Munisagara, Mzaganza, Kidete au Gulwe, una picha ya stesheni, ya daraja, ya kichwa cha treni cha zamani, au ya treni ya maboksi ya mwanao, andika mwaka, mahali na jina la aliyeiunda au aliyeipiga. Ukipiga mpya, weka rula au hata kiberiti kando ya kitu unachokipiga ili ukubwa ujulikane, na kama ni treni ya maboksi, usisahau kuigeuza upige upande wa chini.