Meno ya Kapilingi

Nilifika Chunya mwaka 2012 nikiwa na cheti cha ufundi mitambo na maneno mengi. Wilaya ile imeishi na dhahabu tangu ilipogunduliwa katika eneo la Lupa mwaka 1922. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba. Washirika wachache walikuwa wamechanga fedha ili wafunge karasha la kusagia mbale, nami nikapewa kazi ya kuchagua mitambo yake.

Karasha lenyewe lilikuwa pipa kubwa la chuma lenye mawe na gololi za chuma ndani. Mota ya kilowati 75 ilizunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Giaboksi ikapunguza mwendo huo hadi 150, ndipo shafti ikalizungusha pipa kwa gia. Kati ya giaboksi na shafti huwekwa kiungio ambacho mafundi hukiita kapilingi. Yetu ilikuwa ya meno: vitovu viwili vyenye meno kwa nje, kila kimoja kimevikwa pete yenye meno kwa ndani, na pete hizo zimefungwa pamoja kwa bolti. Meno ya vitovu huvimba kidogo katikati, ili shafti mbili zisizolala katika mstari mmoja kabisa ziweze kuvumiliana. Lakini uvumilivu huo una mpaka wake, nao hutaka grisi.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha kilowati kwa 9,550, kisha gawanya kwa mizunguko ya dakika moja. Upande wa mota nilipata nyutonimita 478 hivi. Upande wa pipa, ambako mwendo umepungua mara kumi, nilipata 4,775. Wengi hukosea hapo, wakidhani kwamba mota ikiwa moja basi na mzigo ni mmoja. Mimi sikukosea hapo, na nilijivuna. Katika kitabu cha muuzaji nikaona kapilingi ya 5,000, tundu lake linaingia shafti yetu sawasawa, na bei yake ni nafuu. Nikaiagiza.

Mzee aliyekuja kuifunga aliinama akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, hii ni ndogo," akasema. "Kinu kikilala na mzigo, kuamka kwake kuna hasira."

"Mzee wangu, nimepiga hesabu."

"Hesabu yako ni ya kinu kinachotembea," akajibu, akaendelea kupima mlalo wa shafti kwa rula ya chuma na vipande vyembamba vya bati.

Baada ya miezi minne umeme ulikatika pipa likiwa limejaa. Uliporudi, mota ilinguruma, tukasikia sauti ya kusagika, kisha mota ikazunguka peke yake na pipa likabaki kimya. Tulipofungua pete, meno yalikuwa yamenyolewa. Nje, wachimbaji waliketi juu ya viroba vyao vya mbale, na mama lishe aliyewakopesha chakula alikuwa akihesabu madeni yake. Washirika wakaniuliza sababu. Nikasema shafti hazikulazwa sawa. Sikuwa nimepima. Mzee akaondolewa siku ile ile, bila malipo yake ya mwisho.

Wiki mbili baadaye, nikiandaa agizo jipya, nilisoma ukurasa ambao mwanzoni niliuruka. Ulitaka mzigo wa kawaida uzidishwe kulingana na ugumu wa kazi: feni inayozunguka kwa utulivu karibu 1, kinu cha gololi kama 2. Kwa hiyo tulihitaji 9,550, nami nilikuwa nimeleta 5,000. Nikazipima shafti, ambazo hazikuwa zimesogezwa, kwa saa ya kupimia. Zilikuwa zimelala vizuri.

Ningeweza kunyamaza. Kapilingi kubwa ingefungwa, karasha lingesaga, na hakuna ambaye angeuliza tena. Siku mbili sikupata usingizi. Siku ya tatu niliwaambia washirika ukweli, wakanikata mshahara, nami nikaona ni haki. Kisha nikaenda Makongolosi kumtafuta mzee. Nikamkuta akichomelea toroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwomba radhi, nikamkabidhi malipo yake. Alizihesabu fedha taratibu, akaziweka mfukoni, akaniuliza jambo moja tu: "Hiyo mpya, umeitia grisi?"

Ndugu msomaji, siku hizi nikichagua kapilingi huanza na mzigo wa kuamka, halafu mwendo, halafu unene wa shafti na nafasi iliyo kati yake. Bei huja mwisho. Na fundi akiniambia kitu ni kidogo, naweka kalamu chini nimsikilize kwanza.

Nilimwomba mzee arudi kwetu. Hakurudi, wala sikumlaumu.