Godoro na Jua la Matombo

Matombo ya utoto wangu, kwenye milima ya Uluguru, haikuwa na duka la magodoro. Godoro lilishonwa. Nyuma ya nyumba ya bibi mzaa mama ulisimama msufi uliopita minazi kwa urefu, na kiangazi kilipokolea matunda yake yalipasuka yenyewe, sufi ikapeperuka hadi jikoni kwenye vyungu vya mboga. Tuliokota mapema, kabla upepo haujatuwahi. Kuchambua kulifanyika ndani, mlango umefungwa, pua tumezifunga vipande vya khanga, kwa kuwa sufi inakohoza vibaya. Bibi alitaka mbegu zitoke zote, maana panya akizinusa atatoboa godoro usiku uleule. Fundi cherehani alishona mfuko wa kitambaa cha mistari na kuacha upande mmoja wazi. Sufi ikashindiliwa kwa ngumi kuanzia pembeni, kisha mdomo ukafungwa kwa shazia.

Godoro hilo lilidai jua. Sufi ukiilalia miezi kadhaa hushikana mabonge, na katikati ya kitanda hubonyea. Basi umande ukikauka bibi alituita, tukalibeba hadi uani, likawekwa juu ya mkeka, likapigwa fimbo upande huu na upande ule, na ikifika saa sita lilikuwa limeumuka upya. Unyuzi wa sufi ni kijimrija chenye hewa ndani na nta nje, ndiyo maana haunywi maji kirahisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mabaharia walivaa makoti ya kujiokolea yaliyojazwa sufi. Kwa bibi sifa hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Mtoto akikojoa, mfuko ulifumuliwa na kufuliwa mtoni, sufi ikaanikwa juani chini ya chandarua kikuukuu isipeperuke, na jioni godoro likashonwa tena. Kunguni walitafutwa kwenye mishono, bibi akipitisha ukucha taratibu kutoka pembe hadi pembe, kisha maji ya moto yakamwagwa kwenye kamba na matendegu ya kitanda. Usafi wa kitanda wenye bidii namna ile sijauona tena popote.

Sponji tulilikuta Morogoro mjini. Miaka ya 1980, viwanda vilipokuwa vikifunguliwa Kihonda, baba alipata kazi kwenye kiwanda cha turubai, tukahamia Mwembesongo. Godoro la sponji lilikuja limekunjwa, limefungwa kamba nyuma ya baiskeli, na mtu mmoja aliliingiza ndani kwa mkono mmoja. Kwa mama, aliyezoea kubeba sufi na dada zake wawili, huo ulikuwa ukombozi, na namuunga mkono hadi leo. Hakuna mbegu za kuchambua, hakuna kukohoa.

Ila mama alilitunza kama alivyofunzwa Matombo. Kila Jumamosi likatolewa nje, likaanikwa kwenye jua la Morogoro tangu asubuhi hadi alasiri. Likaanza kuwa la manjano, kisha hudhurungi, kisha pembe zikawa zinamomonyoka unga unga zikiguswa. Sponji ni plastiki ya poliyurethani, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, ikaja kuumuliwa mapovu. Mwanga wa jua huila polepole. Kile kilichokuwa dawa ya sufi ndicho kilichoua sponji, na hakuna muuza duka aliyekuwa akimwambia mtu jambo hilo. Majirani wengine waliyapeleka magodoro yao Mto Morogoro, wakayakanyaga kwenye maji kwa sabuni ya mche na kuyaegemeza juu ya mawe. Nje yalikauka siku hiyohiyo. Ndani yalibaki mabichi, na harufu yake ilijaa chumba kizima, hasa masika, mawingu yanapokaa juu ya Uluguru wiki nzima bila kufumuka.

Mama sasa ni mtu mzima sana, na nyonga inamsumbua. Ndugu tulichanga tukamnunulia godoro la memori, tano kwa sita, inchi nane. Ni sponji zito linalolainika kwa joto la mwili, likashika umbo la mlalaji na kurudi polepole akiondoka. Asili yake ni Marekani: mwaka 1966 Charles Yost alilibuni katika kazi aliyoifanyia NASA, ili viti vya marubani vipunguze mshtuko. Kwa sababu linafuata joto, tabia yake hubadilika ukipanda mlima. Mdogo wangu anaishi Nyandira, Mgeta, ambako Julai watu wanalala na mablanketi mazito, na analo godoro la aina hiyohiyo. Kule usiku unalipanda likiwa gumu kama ubao, unasubiri mwili ulipashe moto. Huku mjini linalegea mara moja, na joto lake linatoa jasho.

Jasho ndilo adui. Godoro lilifika limevalishwa nailoni, na watu wengi mjini huiacha nailoni hiyo miaka wakidhani wanalinda mali. Inazuia vumbi, kweli, lakini unyevu wa mlalaji unakosa njia, na kuvu huanza. Tuliitoa siku ileile, tukaliacha godoro wazi chumbani hadi harufu ya kiwandani ilipopungua, ndipo tukalivisha mfuko wa pamba unaofunguka kwa zipu na kufulika. Chini kuna chaga zenye nafasi, hewa ipite. Haligeuzwi chini juu, kwa sababu tabaka laini liko upande mmoja tu. Tunazungusha, kichwani kunakwenda miguuni.

Siku kitukuu alipolilowesha, nilimwona mama akifanya kazi kwa utulivu wa mama yake mwenyewe, yule bibi yangu wa Matombo. Alikandamiza taulo kavu juu ya doa bila kusugua, akabadilisha taulo, akakandamiza tena mpaka halikutoa kitu. Akapiga sabuni ya maji kwenye beseni, akachota povu peke yake kwa kitambaa, akapapasa, akafuta kwa kitambaa kingine kilichokamuliwa barabara. Sponji hili likinywa maji huwezi kulikamua. Ukilivuta likiwa limelowa linachanika. Kisha tukalisimamisha ukutani, madirisha wazi, pangaboi likizunguka, mpaka lilipokauka kabisa. Juani hakulitoa.

Ukucha bado anaupitisha kwenye mishono. Kunguni wa leo wanasafiri kwenye mabegi ya wanafunzi na mabasi yanayopita stendi ya Msamvu, na memori haiwazuii.

Wiki hii anamfungashia mjukuu anayekwenda bweni na sponji la inchi nne. Nimemsikia akimwagiza: "Nailoni uitoe siku ya kwanza. Jumamosi uliegemeze kivulini penye upepo. Na mwenzako akiwa na kunguni semeni kwa matroni mapema, msifichane."