Usiku wa Ijumaa katika Kompyuta

Katika daftari langu la masika ya 2024 pana mstari huu: "Bibi, nyimbo za kuamia ndege, usiku wa Ijumaa, Mfunguo Mosi." Niliuandika Chumbi, Rufiji, wakati mto ulikuwa umekwisha kumeza mashamba ya bondeni pamoja na madungu ya kulindia mpunga. Bibi hakuwa na shamba la kwenda. Aliketi barazani akaimba yale aliyokuwa akiimba dunguni tangu usichana wake, nami nikamrekodi kwa simu.

Mwaka uliofuata Bibi alifariki. Arubaini yake ilipokaribia, mama aliniomba sauti ile. Nilijibu upesi kwamba ipo. Kumbe kuwepo ni jambo moja, na kuonekana ni jambo jingine.

Simu ilikuwa imeyapa mafaili namba tupu, mamia kwa mamia. Nikaamua kutafuta kwa tarehe. Nilianza na tarehe ya kuundwa, na mafaili yote yakajipanga chini ya siku moja ya Agosti. Hiyo ndiyo siku niliyoyanakili kutoka kwenye simu: kompyuta yangu huhesabu kuzaliwa kwa faili tangu lilipoingia kwake. Nikageukia tarehe ya kurekebishwa, ambayo kwa kawaida nakala huja nayo kutoka ilikotoka. Hapo Aprili ikajitokeza.

Idd el-Fitri mwaka ule ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili. Ijumaa iliyofuata ikawa tarehe 12. Nikaiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikapata jogoo, mvua juu ya bati na mazungumzo ya mchana. Usiku haukuwa na kitu. Nikawaza nitamwambia nini mama.

Kisha nikausoma tena ule mstari, safari hii kwa sauti. Usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likichwa. Usiku hutangulia, mchana ukaufuata. Usiku wa Ijumaa basi ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Kompyuta hungoja saa sita ya usiku ndipo igeuze siku. Nikafungua tarehe 11. Palikuwa na faili moja, la saa 20:47, yaani saa mbili na dakika arobaini na saba usiku.

Lilianza kwa sauti yangu: "Leo Alhamisi, tarehe kumi na moja Aprili."

Bibi akanikatiza: "Alhamisi imekwisha kuchwa, mjukuu wangu. Huu usiku wa Ijumaa."

Nikajisikia nikicheka, kicheko cha mtu anayemvumilia mzee. Daftarini niliandika kauli yake kwa kumridhisha tu, kisha nikaisahau. Baada ya kicheko changu, akaimba.

Sasa kila rekodi naipa jina siku ileile: kwanza tarehe kwa tarakimu, mwaka ukitangulia ili mafaili yajipange, kisha siku kama alivyoitaja msimulizi mwenyewe. Nawausia wenzangu mnaokusanya tungo za wazee mfanye vivyo hivyo. Faili lile linaitwa "2024-04-11, usiku wa Ijumaa, Bibi". Mama alilisikiliza mara mbili, na mara zote mbili alicheka pale Bibi aliponikosoa.