Nani Amwoe Hermione? Wasomaji, Posa na Wivu katika Riwaya ya Fantasia

Kuna swali ambalo wahakiki wa fasihi hulisikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji, na ambalo aghalabu hulipuuza: je, huyu alistahili kuoana na yule? Swali hili huulizwa kwenye ngazi za vitivo, ndani ya daladala, na wakati mwingine pembezoni mwa karatasi za mtihani. Huonekana la kitoto kwa sababu huwachukulia wahusika kana kwamba ni majirani zetu, ilhali sisi tumefunzwa kwamba mhusika ni maneno yaliyopangwa karatasini. Katika insha hii nakusudia kulitetea swali hilo. Nitafanya hivyo kwa kuutazama mjadala mmoja mashuhuri uliozuka miongoni mwa wasomaji wa riwaya za fantasia za J. K. Rowling, kisha kuulinganisha na yale ambayo fasihi yetu wenyewe imetufundisha kuhusu mapenzi na husuda.

Riwaya saba za Harry Potter zilichapishwa nchini Uingereza baina ya mwaka 1997 na 2007. Humo mna marafiki watatu: Harry, yatima aliyeandamwa na mchawi muovu Voldemort, Ron Weasley, mtoto wa nyumba yenye watoto wengi na fedha chache, na Hermione Granger, binti mwenye akili kuwapita wote wawili. Kadiri watatu hao walivyokua ndivyo wasomaji walivyogawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba Hermione ni wa Ron, lingine kwamba ni wa Harry. Baina ya kitabu cha nne kilichotoka mwaka 2000 na cha tano kilichotoka mwaka 2003 ulipita muda wa miaka mitatu bila ya riwaya mpya katika mfululizo huo, na muda huo ukajazwa na hoja, vielelezo na ugomvi. Watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno uhakiki waliipitia matini sentensi kwa sentensi wakitafuta ushahidi.

Jambo lenyewe si geni. Louisa May Alcott alipochapisha sehemu ya kwanza ya Little Women mwaka 1868, wasichana walimwandikia wakitaka Jo aolewe na Laurie. Mwandishi alikataa, na katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1869, akampa Jo profesa wa makamo ambaye hakuna aliyemtarajia. Charles Dickens naye aliubadilisha mwisho wa Great Expectations mwaka 1861 kwa ushauri wa mwandishi mwenzake, Bulwer-Lytton, ili Pip na Estella wasiachane kabisa. Kwa hiyo tunapomcheka msomaji anayegombania ndoa za watu wasiokuwako, tunaicheka tabia iliyoanza zamani na ambayo imepata kuigeuza miisho ya kazi kubwa.

Swali la kitaaluma ni hili: kwa nini matini fulani huzua mjadala wa namna hii na nyingine hazizui? Jibu moja limo katika mbinu ya usimulizi. Rowling anasimulia kwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi wake amefungwa machoni mwa Harry. Ukiacha sura chache, hatuoni ila akionacho Harry, na Harry ni kijana asiyekuwa mwepesi wa kusoma mioyo ya wenziwe. Moyo wa Hermione, kwa hiyo, hatuingii kamwe. Tunaona machozi, tunasikia mlango ukibamizwa, tunaona ndege wadogo wakitumwa kumvamia Ron baada ya Ron kuonekana akibusiana na Lavender Brown. Sababu ya haya yote tunaachiwa tuikisie. Mjerumani Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu tendo la kusoma, alieleza kwamba matini ina mapengo na kwamba msomaji ndiye anayeyajaza. Moyo wa Hermione ni pengo la aina hiyo, na wasomaji walilijaza kila mmoja kwa udongo wa kwao.

Udongo wa kwetu niliuona katika semina ya wanafunzi wa uzamili niliyoiendesha kuhusu nadharia ya upokezi. Nilitaraji mazungumzo ya nusu saa. Tulitoka jua likizama. Kundi lililomtetea Harry lilijenga hoja yake juu ya methali isemayo chanda chema huvikwa pete. Hermione ni chanda chema, walisema, na pete yake haina budi kutoka kwa shujaa, si kwa rafiki wa shujaa anayemwonea gere na kumwacha njiani mambo yanapokuwa magumu. Waliomtetea Ron walijibu kwa methali nyingine: ukipenda boga, penda na ua lake. Mapenzi si tuzo ya mitihani, walisema. Ni mazoea ya kugombana na kupatana, na Hermione hamgombezi mtu kama anavyomgombeza Ron. Baada ya muda niligundua kwamba hatuzungumzii tena Uingereza ya wachawi. Tulikuwa tunajadili ndoa ni nini: je, ni malipo ya ubora au ni uzoefu wa watu wawili wenye kasoro?

Mjadala ule ulinikumbusha jambo la nyumbani. Nilipokuwa mvulana wa kubeba sinia la kahawa, dada yangu alipata wachumba wawili kwa mkupuo. Mmoja alikuwa karani wa bandari, mwingine mtoto wa mjomba aliyekuwa akisomea ualimu. Washenga walifika na barua zao za posa, na kwa siku mbili mashangazi na wazee wakakaa barazani kuzipima pande zote: ukoo, kazi, tabia, deni, mpaka namna ya kutembea. Hoja zilikuwa nzito na nyingine za werevu mkubwa. Dada alikuwa jikoni akikanda unga, akizisikia zote kupitia dirishani. Mwishowe alipewa mwalimu, wakaishi kwa amani, wakazaa na kulea. Miaka mingi baadaye, alipokuwa tayari ni bibi, alisema mbele yetu bila ya uchungu: “Walijua kila kitu cha wale wanaume wawili. Nilichokitaka mimi ndicho pekee ambacho hakikuletwa barazani.”

Wasomaji wa Rowling, kwa maoni yangu, walikuwa washenga wa aina hiyo. Makundi yote mawili yalipima sifa za wanaume. Katika semina yetu alikuwa binti mmoja aliyenyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Jamani, Hermione mwenyewe amesema nini?” Akatufungulia kitabu cha nne. Hermione anakwenda kwenye dansi ya Krismasi na Viktor Krum, bingwa wa mchezo kutoka nchi ya mbali, kwa sababu Krum alimwomba. Usiku ule Ron anapomfokea, Hermione anamjibu kwamba dawa anaijua: safari nyingine amwombe mapema kabla ya mwingine, wala asimfanye kimbilio la mwisho. Kauli hii, alisema yule mwanafunzi, ndiyo barua pekee ya posa iliyoandikwa na bi arusi mwenyewe, nasi tumeipita mbio tukikimbilia kuwahesabia wanaume alama.

Alituonyesha pia kwamba riwaya yenyewe inawakejeli washenga. Katika kitabu hichohicho, mwandishi wa habari aitwaye Rita Skeeter anachapisha uvumi kwamba Hermione anaichezea mioyo ya Harry na Krum. Mama yake Ron, mwanamke mwema, anauamini uvumi huo kiasi cha kumpelekea Hermione yai dogo la Pasaka, ilhali wavulana wamepelekewa makubwa. Msomaji anayeucheka upumbavu wa Skeeter hana budi kujitazama. Na katika kitabu cha sita limbwata linaletwa mbele yetu kama somo la darasani, kisha tunaambiwa, kwa dhana ya mwalimu Dumbledore, kwamba mama yake Voldemort alimpata mumewe kwa limbwata, na mume akamkimbia nguvu zake zilipokwisha. Voldemort ni tunda la mapenzi ambayo mmoja wa wapendanao hakuulizwa. Kwa mtazamo huu, suala la ridhaa si nyongeza tuliyoibandika sisi. Limo katika kiini cha msuko.

Nikija kwenye wivu, hapa ndipo fantasia inapoonyesha uwezo ambao riwaya ya uhalisia haina. Riwaya ya uhalisia huueleza wivu. Fantasia huupa mwili. Katika kitabu cha saba marafiki hao wanabeba kidani ambamo Voldemort amefichamo kipande cha roho yake. Ron anapokikabili ili akivunje, kidani kinafunguka na kuanza kusema. Kinamwambia kwamba mama yake alitaka binti, na kwamba msichana ampendaye anamtaka rafikiye. Kisha kinamwonyesha sura za Harry na Hermione wakikumbatiana na kubusiana. Ron anakipiga kwa upanga. Baadaye Harry anamweleza kwamba kwake Hermione ni kama dada. Tazama alichokifanya mwandishi: hoja za kundi zima la wasomaji wake, kwamba Harry ndiye anayemfaa Hermione, amezitia katika kinywa cha uovu wenyewe. Ni jibu kali, na yamkini si la haki.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma tukio hilo bila ya kumkumbuka Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, Adili anarudi kutoka mji ambao watu wake wamegeuka mawe akiwa na binti aitwaye Mwelekevu. Nduguze wanaingiwa na husuda, na Adili anatoswa baharini. Adhabu yao ni kugeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku. Hapa pia wivu umepewa mwili: mwenye husuda hupoteza sura ya utu. Hata hivyo iko tofauti. Shaaban Robert amewaita ndugu hao Hasidi na Mwivu tangu mwanzo. Jina limekwisha kuhukumu. Hakuna msomaji atakayeinuka kudai kwamba Mwelekevu angefaa kupewa Mwivu. Rowling anamwachia mwenye wivu jina la kawaida na fadhila za kawaida, na wivu wake anautoa nje yake, ndani ya kidani, ili aweze kuuvunja bila ya kujivunja mwenyewe. Shaaban Robert anatufunza kuuchukia wivu. Rowling anatuuliza tumfanye nini mtu mwema aliye nao. La kwanza ni somo la maadili lililofungwa, la pili ni kesi iliyoachwa wazi. Siamini kwamba moja ni bora kuliko jingine, lakini ni la pili linalozaa baraza.

Baraza hilo mwandishi mwenyewe alijaribu kulifunga. Mwaka 2005, kitabu cha sita kilipotoka, Rowling alihojiwa na wasomaji wake wawili, na humo akaeleza kwamba dalili za Ron na Hermione alizitoa waziwazi. Mhojaji mmojawapo aliwakejeli wale waliomtaka Harry, nao wakakasirika mno. Kitabu cha mwisho kilimaliza kwa kutuonyesha, miaka 19 baadaye, Hermione na Ron wakiwa wazazi. Ingedhaniwa kesi imekwisha. Lakini mwaka 2014, katika mahojiano na Emma Watson, mwigizaji wa Hermione katika filamu, Rowling alisema kwamba aliwaunganisha wawili hao kwa sababu zake binafsi zaidi kuliko za kifasihi. Walioshindwa wakashangilia. Kwangu mimi hukumu zote mbili zina uzito mmoja. Roland Barthes alikwisha kutangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Hatuwezi kumzika anapotupinga na kumfufua anapotuunga mkono.

Yule mwanafunzi aliandika pendekezo la tasnifu juu ya mijadala hii, akikusudia kuchunguza namna wasomaji wa Afrika Mashariki wanavyozitumia taratibu za posa kuhukumu wahusika wa kigeni. Katika kikao cha kulijadili, mjumbe mmoja alicheka na kusema kwamba chuo hakigharimii umbea. Nilijibu kwamba umbea ni neno tunalolitumia kwa uhakiki wa watu tusiotaka kuwasikiliza, na kwamba baraza lililojadili ndoa ya dada yangu lilikuwa na hoja, ushahidi na rufaa, ila lilikosa shahidi mmoja tu. Pendekezo lilipita kwa sharti la kubadilishwa kichwa. Alikubali sharti hilo bila ya manung’uniko, akabakiza sura ya nne, ambayo ni juu ya mhusika asiyeulizwa.

Nahitimisha kwa kusema kwamba msomaji anayegombania nani amwoe nani anafanya kazi tatu ambazo sisi tunalipwa kuzifanya: anakusanya ushahidi, anapima mtazamo wa msimulizi, na anaweka wazi maadili anayohukumia. Kazi yetu si kumnyamazisha. Ni kumwongezea swali la nne, ambalo washenga wa kila zama hulisahau: binti anasemaje, na ni ukurasa gani aliposema? Atakayelijibu kwa kurejea kitabuni, akasoma tena polepole pale alipopita mbio, huyo amekwisha kuwa mhakiki, hata kama alianza kwa kutaka arusi tu.