Tukingoja upepo utulie



Sisi tunaofanya biashara kati ya Kalemie na Uvira tumezoea kuambiwa bandarini: "Boti haiondoki leo, ziwa limechafuka." Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unavuma juu ya maji hayo yote bila kizuizi, na mawimbi yanazidi kukua.

Kungoja kunauma. Siku mbili bandarini ni pesa ya chakula na ya kulala, na nyumbani watoto wanauliza mama atafika lini. Ndiyo maana abiria wengine wanamsukuma kapiteni aondoke. Lakini tunakumbuka Desemba 2014: boti iliyojaa kupita kiasi ilizama katika ziwa hili, upepo ukiwa mkali, na watu zaidi ya 120 wakafa.

Katika kikundi chetu tumekubaliana hivi. Kila mama anayesafiri anaweka kando pesa ya siku mbili za kungoja. Jirani mmoja anajua watoto watakula wapi kama tukichelewa. Kabla ya kupanda, tunaomba jile ya kuokolea, na ya mtoto pia. Kapiteni akikataa kuondoka, tunasimama upande wake. Boti ikijaa mno, tunabaki nchi kavu na mizigo yetu.

Wamama wa Baraka, Fizi na Moba, ninyi mnafanyaje? Mtuambie, tusaidiane.