Nani Kaita?

Katika utoto wangu pale Wesha, kisiwani Pemba, kabla ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, baragumu lilipolia alfajiri upande wa gati, marehemu baba alikuwa akiamka kwa bashasha, akatia jembe begani na kumhimiza mama achemshe muhogo wa ziada, kwani ilikwisha kujulikana tangu jana, baada ya Swala ya Isha, ni njia ipi itakayofukiwa mashimo na ni nyumba zipi zitakazolisha watu. Kazi ile iliitwa kujitolea, na ilistahiki jina hilo, kwa kuwa kila mtu aliulizwa, na mwenye udhuru alisamehewa.

Jina halikubadilishwa hata kazi yenyewe ilipobadilika. Katika miaka iliyofuata, ambayo wazee wa Pemba huiita siku za bakora, watu wenye silaha walipita mlango kwa mlango wakiwatoa wanaume kwenda kuchimba na kulima pasi na ujira wala ridhaa, na aliyechelewa alilazwa chini akachapwa hadharani. Baba alichapwa mbele ya macho yangu. Aliporudi hakunitazama, alikaa barazani mpaka usiku, na siku ile mama hakuinjika chungu.

Bibi mzaa baba, ambaye alikuwa mwali mdogo wakati Sultani Hamoud bin Mohammed alipofuta hukumu ya utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, alimkanda mgongo kwa maji ya moto, akamwambia, "Mwanangu, jembe walijua tangu udogo wako. Leo hukuulizwa." Nilipokuwa mtu mzima nikausoma mkataba wa Geneva wa 1930 juu ya kazi za shuruti, nililia, kwa maana nilikuta kwamba kazi ndogo ndogo za kijiji hazikuharimishwa, ila kwa sharti kwamba wanakijiji, au wawakilishi wao, wawe na haki ya kushauriwa juu yake. Bibi hakujua kusoma herufi za kizungu.

Bakora zilikoma, lakini kwa miaka mingi kila lilipotajwa neno kujitolea baba aliuliza, "Nani kaita?" kisha akageuka. Hata mwaka mmoja mtaro wa msikiti ulipoziba kwa masika, imamu akaja mwenyewe, akaketi barazani petu, akauliza kwa upole, "Mzee wangu, waonaje, tuufukue Ijumaa ama Jumamosi?"

Baba alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na jembe lililoliwa na kutu, akaanza kulinoa.