Glavu za Baridi katika Nchi ya Migomba

Msafiri atokaye Karagwe akivuka Mto Kagera penye daraja la Murongo huingia Kikagati, na mbele yake iko barabara ya lami ya kilomita zipatazo 70 iendayo Mbarara. Hii ni wilaya ya Isingiro, nchi ya migomba. Vilima vyake vimevikwa kijani tangu bondeni hadi karibu na vilele, na kando ya njia mikungu ya ndizi imelazwa ikingojea malori yatakayoipeleka Kampala na kwingineko. Mgeni akitazama wingi huo wa majani mapana, tena akikumbuka kwamba mstari wa ikweta uko karibu kabisa, hudhani kwamba amefika mahali pa joto. Na alale Mbarara usiku mmoja wa Julai, kisha atoke nje saa kumi na moja alfajiri. Mji umekaa mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Katika saa hizo kipimo cha joto husimama kwenye nyuzi 14 au 15, pengine chini ya hapo, na ukungu wa Mto Rwizi hutambaa mpaka milangoni.

Wazee wa Kagera hawahitaji kuelezwa Mbarara ni wapi. Majeshi ya Tanzania yaliingia mji huo mwezi wa Februari 1979, katika vita vilivyomng'oa Idi Amin. Leo Mbarara ni jiji, cheo ulichopewa mwezi wa Julai 2020. Una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, una hospitali kubwa ya rufaa, na una sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, ambaye kila mgeni hupigwa picha naye. Lakini makala haya hayahusu pembe za ng'ombe. Yanahusu mikono ya watu.

Yatazame mapikipiki ya bodaboda yakipanga mstari alfajiri. Yuko dereva aliyevaa soksi mikononi. Yuko mwingine aliyejifunga mifuko ya plastiki, na wa tatu amefunga vifuko vya turubai kwenye usukani ili aingize mikono humo kama mtu aingizaye mkono mfukoni. Wachache wamevaa glavu za kweli, nazo aghalabu hazilingani. Mtu akicheka mambo haya, basi hajapata kupanda pikipiki kutoka Mbarara hadi Nakivale kabla ya jua kuchomoza. Upepo wa mwendo hauipunguzi hewa nyuzi zake za joto, ila huipeperusha ile hewa chache yenye joto inayokaa juu ya ngozi, na ngozi ikaachwa tupu. Ndipo mwili, ukiutetea moyo na matumbo, huvuta damu kutoka pembezoni, na pembezoni ni vidole. Baada ya nusu saa dereva anashika breki asiyoisikia. Abiria wake, mara nyingi mama mwenye mtoto mgongoni, hajui kwamba uhai wake uko katika vidole viwili vilivyokufa ganzi.

Hapo ndipo penye ugumu wote wa kuchagua glavu. Iliyo nene hupasha moto lakini humnyima mtu hisia za vidole. Iliyo nyembamba humwachia hisia, nayo baridi ikaja kuziua. Mashaka haya anayo dereva wa bodaboda, na anayo vilevile mtu aliye mbali naye kabisa, yaani mruka kwa mwavuli. Pale Diani, kusini ya Mombasa, wako watu wanaoruka kutoka ndegeni kwa ajili ya burudani tu. Chini ufukweni joto ni nyuzi 30. Lakini hewa hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi sita na nusu kila mtu apandapo mita elfu moja, hata kwenye mita 4,000 hubaki nyuzi nne hivi, na mrukaji huanguka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Vidole vyake havina budi kukitambua kishikio cha mwavuli bila kukitazama. Kwa hiyo warukaji wa nchi za baridi huchagua glavu ya kubana kiasi, yenye kiganja cha ngozi nyembamba na bitana ya joto, na huijaribu nchini, wakikishika kishikio tena na tena, kabla ya kupanda ndege.

Kisa kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha Joseph Kittinger, mwanajeshi wa anga wa Marekani. Tarehe 16 Agosti 1960 alipandishwa kwa puto hadi mita 31,000 na ushei. Njiani glavu yake ya mkono wa kulia, iliyotakiwa kujazwa hewa, ilikataa kujaa. Mkono ukavimba mara mbili ya ukubwa wake, usifae kwa kazi. Akanyamaza, asiwaambie waliokuwa chini, kwa kuchelea wasije wakamwamuru arudi. Akaruka, akafika salama, na mkono ukarejea hali yake baada ya saa chache. Watu humsifu kwa ushujaa. Mimi humsifu zaidi fundi aliyeshona glavu ya kushoto.

Sasa turudi sokoni. Nguo kuukuu ambazo sisi huziita mitumba, Waganda huziita mivumba, na Mbarara zimetapakaa tele. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza nia ya kuzipiga marufuku ili viwanda vya nchi vipate kuinuka, na hoja hiyo ina uzito wake, kama tuijuavyo huku kwetu. Lakini katika jambo la glavu mnunuzi hana pengine pa kwenda. Robota zimetoka Ulaya na Amerika, na ndani yake, kati ya mashati na suruali, hutokea glavu za watu waliokwisha pita majira mengi ya theluji. Wachuuzi huzimwaga chini kwenye turubai. Nyingi ni moja moja, zimepotezana na wenzake, na mnunuzi huinama akachakura kama kuku.

Anayechakura hana budi kujua anachokitafuta. Kwanza aigeuze glavu ndani nje. Bitana iliyochanika au kugandamana imekwisha kazi, hata kama ngozi ya nje inang'aa. Ainuse, harufu ya ukungu haitoki kwa kufua mara moja, nao uzi wa mshono huwa umeoza. Kisha aupulize mgongo wa glavu kwa nguvu, huku kiganja chake kingine kiko ndani: pumzi ikipita, upepo wa barabarani utapita pia. Tena aitazame imefumwa kwa nini. Sufu ya kondoo huendelea kuhifadhi joto hata ikipata unyevu kidogo. Pamba, ingawa ni laini na ya kupendeza, ikilowa huwa adui, kwa sababu maji huuondoa moto wa mwili upesi mara nyingi kuliko hewa kavu. Kwa dereva wa Mbarara, ambaye huondoka katika ukungu na pengine hurudi katika mvua, glavu ya pamba ni hasara tupu.

Baada ya hayo aivae, akunje ngumi. Ikiwa ngozi inambana penye vifundo, aiache, hata ikiwa ni nzuri namna gani, maana glavu inayobana hukamua damu katika vidole na huleta baridi ile ile aliyoikimbia. Pawe na nafasi ndogo mbele ya ncha za vidole, kwa kuwa hewa iliyotulia ndiyo inayopasha moto. Mwisho aweke sarafu ya shilingi 500 juu ya meza ya mchuuzi, ajaribu kuiokota akiwa ameivaa. Asipoweza, glavu hiyo si ya kushika klachi. Inaweza kuwa ya kazi nyingine, na kazi hiyo iko Nakivale.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yapo Isingiro hiyo hiyo, kando ya ziwa lenye jina hilo, ambalo hulishwa na maji ya Rwizi yanayoshuka kutoka Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya namna hii katika Afrika. Wakaazi wake ni zaidi ya laki moja: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Mgeni atarajiaye kuona mahema na seng'enge atashangaa. Ni vijiji hasa, na mashamba ya mahindi na maharagwe, misikiti na makanisa, maduka ya Wasomali pale Base Camp, na mafundi cherehani wa Kikongo wasioinua macho. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Na Kiswahili, msomaji, ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Kina ladha ya Bukavu na Goma, lakini mtu wa Kigoma hapotei.

Katika Nakivale glavu nene hununuliwa na mtu ambaye huenda hajapata kuvaa glavu maishani mwake. Huyu ni yule aliyeambiwa kwamba atapelekwa kuishi Kanada, Norwe au Australia. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji huwafundisha wasafiri hao habari za huko waendako, na aghalabu mavazi ya baridi hupatikana wakishafika. Lakini mzazi hatulii kwa neno "wakishafika". Katika Winnipeg usiku wa Januari hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, nayo ni baridi ambayo mtu wa Kivu hana neno lake.

Nilizungumza na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na jozi tatu za glavu za watoto ndani ya mfuko wa unga. Alizinunua kidogo kidogo, katika miaka ambayo mgao wa chakula ulikuwa ukipunguzwa, kila jozi kwa fedha ambazo zingenunua maharagwe. Safari yao ilikuwa ya Marekani. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha pangwa zikafutwa, ya kwao mojawapo. "Mwanangu, glavu hazikuli kitu," alinijibu nilipomwuliza kwa nini asiziuze. Tatizo lake lilikuwa jingine: watoto wanakua. Kila baada ya miezi michache huwapima mikono, na yule mkubwa amekwisha pita jozi yake, ikateremka kwa mdogo wake.

Fundi cherehani jirani yake alikuwa na dawa, nayo inastahili kuandikwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya kina mama wenye ndugu katika nchi za baridi. Tafuta sweta kuukuu la sufu safi. Lifue kwa maji ya moto na sabuni, ulisugue bila huruma. Litanywea na kushikamana hata liwe kama blanketi zito, na ukilikata halifumuki. Weka kiganja cha mtoto juu yake, vidole vinne vikiwa pamoja na gumba limetengwa, kisha chora ukiacha upana wa vidole viwili kuzunguka, kwa ajili ya mshono na ya kukua. Kata vipande viwili kwa kila mkono, shona kwa ndani, geuza. Umepata glavu ya vyumba viwili, kimoja cha gumba na kimoja cha vidole vingine vyote. Hiyo ina joto kuliko glavu ya vidole vitano, kwa sababu vidole vilivyolala pamoja hupashana moto. Haifai kwa breki wala kwa mwavuli, lakini mtoto aendaye shule kwa miguu haendeshi chochote. Baridi ikiwa kali, avae glavu nyembamba ya kufumwa ndani yake. Na pindo liwe refu, lifunike kifundo cha mkono, kwa kuwa damu hupita pale karibu na ngozi.

Mambo mawili zaidi aelezwe kila anayesafiri. Mkono uliokufa ganzi usisuguliwe, wala usiwekwe juu ya moto, maana hauhisi na utaungua bila kujua. Utiwe kwapani, au katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono mzima wa mtu mwingine umeyapima kwanza. Vidole vikiwa vyeupe na vigumu kama nta, hospitali haingoji asubuhi. Na glavu ya sufu ikishatengenezwa isipate maji ya moto tena, bali ifuliwe kwa maji ya baridi, ikamuliwe bila kupindwa, ianikwe kivulini ikiwa imelazwa.

Fundi yule alimalizia kwa kushona uzi mrefu wa kufuma kutoka glavu ya kulia hadi ya kushoto. Uzi huo hupitishwa ndani ya mikono ya koti na nyuma ya shingo, ili mtoto akivua glavu zibaki zikining'inia. Jozi ya mtoto mkubwa aliikata kubwa kupita kiasi. Mama akaitazama, akauliza itamtosha kwa miaka mingapi. Fundi akaushika mkono wa kijana, akaupima kwa shibiri, akasema miwili, labda mitatu.